Hodi ya Nne

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwaisha alishuka bondeni kumpelekea Mjomba Mwinjuma chai. Njia ilikuwa na mteremko mkali, na ikilowa ni utelezi mtupu, lakini mtoto yule aliishuka mbio, chupa ya chai mkono mmoja na viatu vya shule mkono mwingine. Nyuma yake Bibi alibaki mlangoni akifoka kwamba ipo siku atavunja chupa na mguu kwa mpigo mmoja.

Mjomba Mwinjuma alilima kabichi na vitunguu ukingoni mwa Luvule, kijito kinachotoka juu kabisa kwenye milima ya Uluguru na kuteremka kuelekea Morogoro mjini. Ardhi ya pale ni nyeusi na laini, ukichomeka kijiti kinachipua. Ubaya wake ni kwamba mvua ikinyesha kule juu, huku chini jua linaweza kuwa linawaka, na maji yakafika ghafla watu wakiwa wameinama wanapalilia. Wazee wa Luvule husema kijito chao hakina adabu, kinaingia kwa watu bila hodi.

Kwa sababu hiyo Mjomba alikuwa na tabia yake. Wingu likikaa kileleni, hashuki bondeni, hata kama wachuuzi wa soko la Kingalu wanamsubiri na matenga. Akiwa tayari bustanini, alisimamisha jembe kila mara akatega sikio. Watu walimtania kwamba anakiogopa kijito kuliko anavyomwogopa mama yake, yaani Bibi. Naye alijibu kwamba mama yake akikasirika humwita jina kwanza, kijito hakimwiti mtu. Hakuwa na mke. Akiulizwa ataoa lini, alisema anasubiri kabichi zipande bei, na kabichi, kama mnavyozijua, hazikupanda.

Kwa Waluguru mjomba si ndugu wa pembeni. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kaka wa mama ndiye msimamizi wake. Mama yake Mwaisha alikuwa Turiani kwenye mashamba ya miwa, akija nyumbani sikukuu hadi sikukuu. Sare ya shule alinunua Mjomba. Kikao cha wazazi alikwenda Mjomba, na tope la bustani miguuni. Mwaisha alipoingia darasa la saba na kuchaguliwa kuongoza klabu ya kompyuta, Mjomba alizunguka kijiji kizima akieleza jambo ambalo yeye mwenyewe hakulielewa vizuri.

Klabu ile ilianzishwa na Mwalimu Castory wa sayansi. Alikuwa kijana mpole, mwenye marafiki chuoni Mazimbu waliomsaidia kupata vifaa, na wazo lake lilikuwa zuri. Watoto watengeneze visanduku viwili vinavyoongea kwa redio. Cha kwanza kifungwe kwenye nguzo ya chuma kule juu, kijito kinapopinda, kiwe na jicho la kupima kimo cha maji. Cha pili kikae kwenye ukuta wa ofisi ya shule, kiunganishwe na king'ora juu ya paa. Maji yakianza kupanda kule juu, king'ora kilie huku chini, watu watoke bustanini kabla maji hayajafika. Kila kisanduku kilikuwa na betri na paneli yake ndogo ya sola.

Mwalimu aliwaeleza kuwa vifaa viwili haviwezi kuongea hovyo. Anayetuma lazima kwanza ajue kwamba anayepokea yuko macho, la sivyo maneno yanamwagika hewani bure. Akawaachia wanafunzi wachague wenyewe maneno ya kuitana. Mwaisha hakufikiri mara mbili. Kisanduku cha juu kitume neno HODI. Cha chini kikisikia kijibu KARIBU, ndipo cha juu kitaje kimo cha maji. Darasa zima lilicheka, lakini Mwalimu Castory alifurahi, akasema wao kule chuoni wangeelezwa hivyo wasingesumbuka.

Mwaisha ndiye aliyeandika programu ya kisanduku cha juu. Alipofika mahali pa kuamua kifanye nini kisipojibiwa, aliandika kama alivyolelewa. Bibi alimfundisha tangu mdogo kwamba hodi ni tatu. Usipojibiwa, rudi ulikotoka, usichungulie dirishani wala usisukume mlango, mwenye nyumba ana sababu zake. Basi kisanduku chake nacho kilipiga hodi mara tatu, kisipojibiwa kikalala kungoja zamu nyingine.

Programu ya kisanduku cha chini iliandikwa na Luqmani, mwanafunzi mwenzake, mtoto makini asiyependa kitu kiharibike. Luqmani alihofia betri. Akaandika kwamba jua likiwa haba na chaji ikashuka, kisanduku kisinzie, kiwe kinaamka mara mojamoja kusikiliza kidogo, kisha kinalala tena. Mwalimu alisoma kazi ya Mwaisha akaweka alama ya vema. Akasoma kazi ya Luqmani akaweka vema pia.

Siku ya uzinduzi jua lilikuwa kali. Luqmani alipanda juu akainua sinia chini ya lile jicho, kana kwamba ni maji yanapanda, na huku shuleni king'ora kikapiga kelele hata mbuzi wakakata kamba. Akina mama walipiga vigelegele. Mjomba Mwinjuma alisimama katikati ya watu akimwonyesha Mwaisha kwa kidole, akisema huyu ni wa kwetu, huyu ni injinia. Bibi, ambaye jina lake ni Bi Tausi na si mtu wa kusifia sifia, alisema tu kwamba king'ora kina sauti mbaya.

Tangu siku ile Mjomba aliacha kutega sikio. Wingu likikaa kileleni, yeye alishuka. Wenzake walipomuuliza, aliwaambia ana mlinzi sasa.

Mvua za vuli zilianza kwa manyunyu. Asubuhi moja, baada ya siku ya manyunyu, Mwaisha alifungua kompyuta ya shule kuangalia vipimo na akakuta jana yote ni tupu. Hapakuwa na kimo hata kimoja. Jua lilipotoka, namba zilirudi kama kawaida. Alimwita Luqmani. Luqmani akasema ni mtandao tu huo, mbona sasa hivi kinafanya kazi? Yakanyesha manyunyu mengine, na siku hiyo nayo ikawa tupu.

Mwaisha hakuwa mjinga. Alijua kwamba chombo cha mvua kinachonyamaza siku ya mvua ni chombo kibovu. Lakini wageni kutoka wilayani walikuwa wanakuja kukiona, shule ilikuwa imepakwa chokaa kwa ajili yao, na yeye ndiye aliyepangwa kukieleza mbele za watu. Aliona aibu kuwa yeye ndiye wa kusema kimeharibika.

Hata hivyo alijikaza. Jioni moja alikwenda nyumbani kwa Mwalimu Castory. Redio ilikuwa inaimba ndani. Akapiga hodi kwa sauti ya chini. Akapiga tena. Akapiga ya tatu, karibu ya kunong'ona. Hakujibiwa, akaondoka. Na ukweli usemwe: alipogeuza mgongo aliona nafuu. Alijiambia kwamba amekwenda, amepiga hodi kama inavyotakiwa, hana deni. Kesho yake hakurudi, na keshokutwa yake hakurudi.

Jumamosi iliyofuata alikuwa uani anafua sare. Mjomba alitoka na jembe begani na magunia matupu mkononi. Wingu zito jeusi lilikuwa limefunika kilele chote, huku chini kukiwa kumetulia, jua halionekani. Mjomba alilitazama lile wingu, akamtazama na mpwa wake.

"Mwaisha, chombo chako kizima?"

Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema sijui, na hilo peke yake lingetosha.

"Kizima, mjomba."

"Basi nashuka. Kabichi zikilala leo, kesho zimepasuka."

Akashuka. Mwaisha alisimama na povu mikononi, akamtazama hadi mgomba wa mwisho ulipomficha. Alitaka kumwita, akasema moyoni kwamba pengine hata haitanyesha, akarudi kwenye beseni lake.

Kijijini halikudondoka hata tone. Mvua ilinyesha juu, na alasiri maji yakaja. Mzee Abeid, jirani yao, ambaye bustani yake iko upande ulioinuka, alisikia kwanza magogo yakigongana, kisha akaona maji ya rangi ya chai ya maziwa yakizunguka kona. King'ora kilikuwa kimya. Abeid akapiga ukelele. Mjomba alikuwa amekipa kijito mgongo, anafunga gunia la kabichi.

Kuhusu dakika ile Mzee Abeid alisimulia baadaye mara moja tu, hakutaka tena kuulizwa. Alisema Mwinjuma alipousikia ukelele aliinua kichwa, lakini hakutazama kijitoni. Aligeuka akatazama paa la shule. Alitazama king'ora kwanza. Alipogeuka kukimbia maji yalikuwa yamefika kiunoni.

Bibi alikuwa kwenye swala ya alasiri. Mlango ulipigwa kwa ngumi mbili, bila hodi na bila salamu. Bibi hakukata swala yake, na Abeid naye hakuacha kupiga. Alipiga na kupiga, akaita jina la Bibi, akapiga tena, mpaka bibi wa watu alipotoa salamu akainuka na kufungua. Mwaisha, aliyekuwa jikoni, aliposikia ngumi zile alijua kabla hajaambiwa.

Walimpata kabla ya magharibi, kwenye mianzi karibu na daraja la chini. Akazikwa kesho yake. Mama yake Mwaisha alifika kutoka Turiani, na watu wa Luvule wakajaa uani, wanaume nje, wanawake mkekani. Hakuna aliyelaumu king'ora. Walisema kazi ya Mungu haina makosa, walisema siku ya mtu ikifika imefika, na mmoja akasema mashine ni mashine tu, hata gari huharibika. Walikuwa wanamfariji mtoto, na kila walipomfariji alizidi kukonda. Aligawa uji, akaosha vikombe, akaenda nyuma ya nyumba akalia na kanga mdomoni asisikike. Mama yake alidhani analilia mjomba tu. Alirudi Turiani akiwa amemsihi Bibi amlazimishe mtoto kula.

Matanga yalipoanuliwa, Mwaisha alirudi shule. Alimkuta Mwalimu Castory nje ya ofisi, juani, na visanduku vyote viwili mezani. Nguzo ya juu haikuanguka, wala kisanduku chake hakikuingia maji. Mwalimu alikuwa amekishusha akikague. Ndevu zilikuwa zimemwota na macho yamemwiva. Alisema wageni wa wilayani ameshawaandikia wasije. Alitaka tu kujua kwa nini king'ora hakikulia.

Walianza na vitu vya kushikika. Wakabadilisha nyaya. Wakabadilisha antena. Wakapima betri. Kisha wakafungua kompyuta, wakafuata mazungumzo ya visanduku neno kwa neno yalivyopita kwenye kioo. HODI. KARIBU. Kimo. HODI. KARIBU. Kimo. Luqmani alisoma programu yake mstari kwa mstari kwa sauti, Mwaisha akasoma yake. Hakuna mstari uliokosewa. Mwalimu alipangusa jasho, akaegemea kiti.

"Kizima," alisema. "Sielewi. Chombo kizima kabisa."

Neno lile lilimchoma Mwaisha, na alichokuwa amekizuia tangu siku ya msiba kikatoka chote. Alilia kwa sauti mbele ya Luqmani na mbele ya watoto wa darasa la tatu waliokuwa wanafagia. Akasema si kizima, na alijua si kizima. Akaeleza juu ya siku za manyunyu zilizokuwa tupu. Akaeleza jinsi alivyokwenda kwa Mwalimu akapiga hodi akaondoka, na jinsi Mjomba alivyomuuliza asubuhi ile naye akamjibu.

Mwalimu Castory aliokota betri mezani akaigeuzageuza mkononi. Alipozungumza hakumtazama.

"Siku ile nilikuwepo," alisema. "Nilisikia hodi. Nilikuwa nimechoka, nikasema mwenye shida atarudia."

Luqmani aliinamisha kichwa. Mwisho Mwalimu alivuta kiti karibu na meza, akasema machozi yana wakati wake na kesho bado kuna watu bondeni, kwa hiyo watafute. Akauliza swali moja: siku zile zilizokuwa tupu kulikuwa na nini ambacho leo hakipo?

"Mawingu," Mwaisha alijibu.

Wote watatu walitazama juu. Lilikuwa jua la siku ya uzinduzi, lilelile walilojaribia tangu mwanzo, maana hakuna aliyependa kujaribu vifaa mvuani. Mwaisha aliinuka, akaomba gunia kwa mpishi wa shule, akalifunika paneli ya kisanduku cha chini. Wakasubiri chaji ishuke. Ilichukua muda. Polepole taa ya kisanduku ikafifia, kikaanza kusinzia kama Luqmani alivyokiagiza.

Kwenye kioo likatokea neno HODI. Halikujibiwa. Likatokea tena. Likatokea la tatu, kisha kisanduku cha juu kikalala. Baada ya hapo cha chini kikaamka, kikasikiliza, kikakuta kimya, nacho kikalala. Walikaa pale wakavitazama vikipishana namna hiyo tena na tena, kimoja kikiita mwenzake amelala, mwenzake akiamka mwitaji keshaondoka. Luqmani aliweka mikono kichwani.

Kila mmoja alikuwa ameandika jambo la busara. Heshima ya Mwaisha haikuwa kosa, wala uangalifu wa Luqmani haukuwa kosa. Kosa lilikuwa pale vilipokutana, tena siku ya wingu tu, siku ambayo chombo ndicho kilihitajika. Mwalimu Castory aliwaambia wazi kwamba yeye alikagua kazi ya kila mtu peke yake, akaweka vema mbili, hakuwahi kuziweka pamoja chini ya wingu. Alisema hilo ni lake, na wasilibebe wao.

Wakaanza kurekebisha. Luqmani alipendekeza hodi ziwe kumi. Mwalimu akauliza, na mwenzake akilala muda wa hodi kumi je? Mwaisha alikuwa anazisikia zile ngumi za Mzee Abeid mlangoni, zilivyopigwa bila adabu yoyote, Bibi akiwa kwenye swala.

"Kisihesabu," alisema. "Maji yakipanda, kipige hodi mpaka kifunguliwe."

Akafuta tatu yake kwa mkono wake mwenyewe. Luqmani naye akarekebisha upande wake: kisanduku cha chini kikikosa kusikia neno lolote kwa muda, kisikae kimya kikidhani mambo ni salama, bali kipige king'ora chenyewe, kama jirani anavyokwenda kugonga kwa mtu asiyeonekana tangu asubuhi. Wakajaribu chini ya gunia. Wakajaribu asubuhi yenye ukungu. Na mvua ya kwanza iliponyesha, Mwalimu Castory na watoto wake walisimama uwanjani wakiloa, wakajaribu mvuani.

Lakini siku ile ya gunia, jioni, Mwaisha alikuwa na mlango mwingine wa kubisha. Bibi alikuwa uani anapeta mchele. Mwaisha alimwamkia, akapiga magoti kando ya ungo, akaeleza kila kitu bila kujificha nyuma ya hodi zake tatu. Bibi aliendelea kupeta mpaka alipofika kwenye asubuhi ya Jumamosi. Hapo mikono yake ikasimama.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza, Bibi."

"Ukamwambia kizima."

"Nikamwambia kizima."

Bibi aliweka ungo chini, akaingia ndani. Hakumpiga wala hakumtukana. Siku zilizofuata alimsuka nywele, akampakulia chakula, akamwambia la lazima tu. Hadithi za usiku zilikatika na utani ukakatika. Mwaisha alivumilia, maana aliona kwamba mama wa mtu ana haki ya kunyamaza. Alichota maji, akapika, akalima kipande cha Mjomba kilichobaki, na kila siku ya wingu alipita kwa wenye bustani mmoja mmoja kuwaambia hali ya chombo ilivyo. Kikiwa na kasoro alisema kina kasoro. Wengine walimwona msumbufu. Mzee Abeid alimwambia hata kuku hawasumbui hivyo, lakini siku ambayo aliambiwa chombo kiko mezani kinarekebishwa hakushuka bondeni.

Masika yakaingia. Alasiri moja wingu lilikaa kileleni, chini kukiwa kukavu, na watu wamejaa bustanini wanang'oa vitunguu. King'ora kikalia. Kililia kwa sauti yake ile mbaya, hakikunyamaza. Wanawake waliacha matenga, wanaume wakaacha majembe, wakapanda mteremko wakivutana mikono. Maji yalikuja nyuma yao, makubwa kuliko yale ya vuli, yakafagia ukingo mzima, vitunguu, kabichi na kipande cha Mjomba chote. Hakuna mtu aliyekuwa bondeni.

Bibi alikuwa amesimama pale njia inapoishia. Alimtazama usoni kila aliyepanda, akampa pole, akamtazama anayefuata. Mzee Abeid alikuwa wa mwisho, anahema, kiatu kimoja kimebaki chini. Baada yake njia ilikuwa tupu, na Bibi hakuondoka. Aliendelea kuitazama.

Mwaisha alimsogelea. "Wote wamepanda, Bibi."

"Wote," Bibi alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye hakuyafuta. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ungo, alimshika mjukuu wake mkono.

"Mimi ndiye niliyekufundisha hodi tatu," alisema. "Sikukumalizia. Hodi tatu ni za mgeni aliyekuja na haja yake. Asipojibiwa, aende, haja yake itangoja. Mwanangu nilimzaa mimi, na sitakudanganya kwamba moyo wangu umepoa. Lakini leo nimeona watoto wa wenzangu wamerudi kwa mama zao, kwa sababu hatimaye ulisema. Sasa shika hili, na wewe uje uwafundishe wako. Ukienda mlangoni kwa mtu na jambo lako, piga tatu uondoke. Ukienda na jambo la uhai wa watu, usihesabu."